Kamera ya sebuleni

Jana usiku tukiwa mezani tunakula, kamera ya sebuleni iligeuka yenyewe, taratibu, ikatazama mlango wa chumba cha watoto. Simu zetu zote mbili, ambazo ndizo tunazoiongozea, zilikuwa kwenye chaji. Niliichomoa waya mikono ikitetemeka.

Fundi aliyetufungia aliacha nywila ya kiwandani, "admin", nasi hatukuibadilisha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliingia kwenye kamera na ruta nyingi kwa njia hiyohiyo, kikijaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani. Oktoba vifaa hivyo vikatumika kushambulia mitambo ya intaneti, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa.

Jamani, wenye kamera nyumbani, badilisheni nywila leo. Mimi bado najiuliza ilikuwa ikitutazama tangu lini.