Bweni la kawaida au koleji ya makazi?
Mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Northwestern, pale Evanston kaskazini ya Chicago, Marekani, fomu ya malazi ilininyima usingizi. Bweni la kawaida, au koleji ya makazi, ile yenye mada yake na walimu wanaoshirikiana na wanafunzi? Dada alinisihi nichukue bweni, nizoeane na watu wa kila aina. Mimi nilihofia upweke, nikachagua koleji. Jioni moja profesa alikaa nasi sebuleni, chai mkononi, tukazungumza hadi saa nne usiku. Nje theluji inaanguka, na mimi mtoto wa Tanga nikajisikia nyumbani. Wenzangu wa mabwenini walikuwa na marafiki wengi zaidi, hilo nakiri. Wadogo zangu mnaojaza fomu sasa, niulizeni chochote.