Meli ikikamatwa, dhamana ndo inaiachia

Watu wengi wakisikia meli imekamatwa wanawaza magendo, kumbe mara nyingi ni deni tu, yani mtu kauza mafuta hajalipwa, au mabaharia wanadai mishahara, au meli mbili zimegongana, mdai anaenda mahakamani anapewa amri na meli haitoki bandarini. Sababu ni rahisi, meli leo iko hapa kesho iko bahari nyingine, ukiiacha iondoke utamfukuzia wapi mwenyewe?

Sasa mwenye meli akiweka dhamana meli inaachiwa, kesi inaendelea. Dhamana inaweza kuwa pesa taslimu mahakamani, dhamana ya benki, au barua ya ahadi ya kulipa kutoka klabu ya bima ya wenye meli, na hii barua ndo inatumika sana maana inaandikwa haraka. Mkataba wa kimataifa wa kukamata meli wa 1999 unasema dhamana isizidi thamani ya meli yenyewe, na mi naona ni haki kabisa.

Mnaikumbuka Ever Given, ile meli ya makontena iliyoziba mfereji wa Suez kule Misri, 2021? Mahakama ya Ismailia iliizuia, mamlaka ya mfereji wa Suez ikadai dola milioni 916 afu ikashusha mpaka 550, meli ikaondoka Julai 7 baada ya kuelewana.

Kinachoniuma ni mabaharia. Mwenye meli akigoma kuweka dhamana wanakaa humo miezi, maji yanaisha, mshahara hamna, na kuiuza meli kwa mnada wa mahakama nako kunachukua muda.