Kipande ambacho hakikujaa

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoa dari la chumba cha bibi hapa Ngamiani, Tanga mjini, mvua imeliozesha, fundi akashusha kopo la biskuti la zamani limeshika kutu na mimi nikataka kulitupa uani, bibi akapiga kelele "we mume wangu, hilo la baba!" nikarudi nalo mbio.

Baba yake bibi nilikuwa namjua kwa maneno mawili tu, alitoka Kigoma kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Picha hakuna. Ndani ya kopo tukakuta kadi ya TANU, stakabadhi nne za kodi na kipande kimoja cha mwaka 1951 cha shamba moja upande wa Muheza, jina la shamba silitaji.

Kwa msiokijua, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge enzi hizo, ina vyumba 30, kila siku ukimaliza kazi yako mnyapara anakuwekea alama na vikijaa vyote 30 ndo unalipwa. Sio mwezi wa kalenda, ni siku 30 za kazi, ukiumwa haihesabiki. Na kazi yenyewe bibi anaikumbuka vizuri, baba yake anatoka kambini giza bado, anakata majani, anaondoa miiba ya nchani, anafunga matita, kila tita majani 30, anayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya toroli yapelekwe korona, yaani kwenye mashine ya kutoa nyuzi, akirudi mikono inamuwasha kwa yale maji ya mkonge mpaka hashiki tonge.

Mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani Richard Hindorf na vitabu vyote vinakwambia miche iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Miche imehesabiwa mmoja mmoja! Watu waliokuja kuikata wao wakaitwa manamba, yaani namba, na hili linaniuma kweli kwa sababu huyu mmoja ni wangu. Safari yake nimejaribu kuipanga, reli ya kati na ya Tanga ziliunganishwa 1963, kwa hiyo yeye alishushwa njiani akamalizia kwa lori mpaka Korogwe, bibi anasema baba yake alikuwa akiisimulia sana hiyo lori, walisimama njia nzima.

Sasa kile kipande. Nilikigeuza kama mara kumi ndo nikaona, alama zipo 19, vyumba 11 vitupu. Nikamuuliza bibi kwa nini baba yake aweke hiki kimoja wakati alifanya kazi miaka, mbona vingine havipo? Bibi akanishangaa. Vilivyojaa vilirudishwa ofisini, mtu akalipwa akapewa kipya, nani abaki navyo nyumbani? Kilichobaki ni kile ambacho hakikulipwa.

Nikanyamaza. Bibi hajui kusoma, akaanza kuvigusa vile vyumba kwa kidole kimoja kimoja, akifika kwenye vitupu akasimama, akasema mwaka huo ndo mama alifariki kwa uzazi pale kambini, mtoto akabaki hai, baba akakaa ndani na mimi na kichanga anatafuta maziwa ya mbuzi kwa majirani, muda wa kipande ukapita, alipokwenda kudai zile siku zake 19 akaambiwa hakijajaa. Siku 19 za panga, posho ya unga basi, pesa hakuna. Bibi alikuwa na miaka kama minane na anakumbuka baba yake alivyorudi jioni ile akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

Nikarudi kwenye stakabadhi. Tatu za mwanzo zina muhuri wa Muheza, ya nne ambayo ni ya 1952 ina muhuri wa Tanga. Kumbe ndo hapo alipoachana na mkonge akaja mjini kupakia mizigo bandarini, na ndo maana sisi tuko Ngamiani mpaka leo, miaka yote tumekuwa tukisema tu "babu alihamia mjini" kama vile mtu aliamka asubuhi akajisikia kuhama.

Yule kichanga ndo babu mdogo, yupo Mikanjuni, anatembelea mkongojo. Kipande hajawahi kukiona na bibi anasema hata habari za zile siku 19 hakuna aliyemwambia, walikuwa wanaogopa asije akajiona yeye ndo sababu. Jumamosi tunakwenda mimi na bibi. Kopo bibi amelifunga kwenye kanga, hataki nilibebe mimi.