Kabla ya kuuliza bei: nilivyoipanga upya orodha ya bidhaa za fahirisi

Nilipopewa jukumu la kusimamia ukusanyaji wa bei za rejareja, orodha niliyokabidhiwa ilikuwa na mistari ya namna hii: "shati la kiume", "sabuni", "kutengeneza saa", "nauli". Mbele ya kila mstari palikuwa na bei za miezi iliyopita, zimejazwa kwa uaminifu, kila moja na tarehe yake. Lakini shati gani? Sabuni ya nini? Kuna mwezi sabuni ilionekana kupanda karibu mara mbili, na hakuna aliyeweza kuniambia kama bei ndiyo iliyopanda au mdadisi, yaani mkusanyaji wa bei, alichukua bei ya kipande kikubwa zaidi.

Fahirisi ya bei za walaji, ile namba inayopima mabadiliko ya bei, ina swali moja la msingi: vitu vile vile walivyonunua watu zamani, leo vinagharimu kiasi gani? Ukishindwa kuthibitisha kwamba ni vile vile, namba zote zinazofuata hazina maana. Ndiyo maana niliamua kuipitia orodha mstari kwa mstari, na nilivyofanya naeleza hapa kwa ajili ya yeyote atakayekabidhiwa kazi kama hii.

Nilianza na uainishaji. Nchi nyingi hutumia mfumo wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kwa kifupi cha COICOP, ambao hupanga matumizi ya kaya kwa kufuata makusudi yake. Toleo la mwaka 1999 lilikuwa na makundi makuu 12 ya matumizi ya kaya; toleo la 2018 lina 13. Kila kundi kuu hugawanyika na kugawanyika tena, na kila ngazi huongeza tarakimu moja kwenye namba ya bidhaa. Namba hazihitaji kukaririwa, kwa sababu jedwali lipo. Kinachohitajika ni mazoea ya kuuliza kitu kimenunuliwa kifanye kazi gani, kabla ya kuangalia kimetengenezwa kwa malighafi gani au kinauzwa katika duka la aina gani.

Chukua hiyo sabuni. Ya kuogea huingia kundi kuu la 13, pamoja na mambo ya utunzaji wa mwili. Ya kufulia na ya kuoshea vyombo huingia la 5, la samani, vifaa na matunzo ya nyumba. Zinaweza kupangwa kwenye rafu moja na hata kutoka kiwanda kimoja, lakini kwenye fahirisi hazikai pamoja. Miwani nayo ni hivyo hivyo: aliyeandikiwa na daktari wa macho amenunua kitu cha afya, kundi la 6, ila miwani ya jua ni pambo na kinga ya kawaida, inakwenda la 13. Viatu vya michezo unavyoweza kuvaa kutwa nzima mtaani ni viatu tu, kundi la 3. Vile vyenye njumu, ambavyo nje ya uwanja havivaliki, ni vifaa vya michezo na vinakwenda la 9. Baiskeli ni usafiri, ila ya kuchezea ya mtoto mdogo ni kitu cha kuchezea.

Mahali ambapo nilikaa muda mrefu kuliko pote ni gharama za shule. Mzazi husema "nimelipia shule", na kwake ni malipo mamoja yaliyomtoka siku moja. Ukiyafungua, ada ya masomo ni kundi la 10. Sare ni mavazi, kundi la 3. Vitabu vya kiada viko pamoja na vitabu vingine, la 9. Basi la kumpeleka na kumrudisha mtoto ni usafiri, la 7. Chakula cha mchana cha kantini kiko la 11, na malazi ya bweni yako huko huko. Kwa hiyo kila palipoandikwa "gharama za shule" niliomba mchanganuo wa ankara, kipengele kwa kipengele. Ajabu ni kwamba hospitali haifuati njia hiyo. Mgonjwa akilazwa, kitanda chake na chakula anacholetewa wodini hubaki ndani ya kundi la afya, kwa kuwa ni sehemu ya matibabu aliyoyafuata. Mwanzoni nilidhani hapo pana mgongano. Baada ya kuzipima kesi nyingi nimeona ni haki kabisa: hakuna anayelazwa ili apate chakula.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani sabuni ikiingia kundi lisilo lake? Ubaya uko kwenye mizania. Kila kundi hubeba uzito unaolingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya, na uzito huo hutokana hasa na utafiti wa matumizi ya kaya, ambapo familia hueleza au huandika walichonunua. Iwapo kwenye utafiti sabuni ya kufulia ilihesabiwa kundi la 5, halafu bei yake dukani ikakusanywa kwa jina la kundi la 13, mabadiliko ya bei yanabebeshwa uzito usio wake. Hesabu itakamilika bila kugoma, na kosa halitaonekana mpaka mtu arudi kwenye mstari wenyewe. Kuna pia malipo yasiyoingia kabisa, ingawa yanauma mfukoni: kodi ya mapato, faini, marejesho ya mkopo, ununuzi wa hisa au kiwanja. Hayo si matumizi ya kupata bidhaa wala huduma ya kutumia, nami niliyaondoa kila nilipoyakuta.

Baada ya hapo ikaja kazi niipendayo kuliko zote, kuandika maelezo ya bidhaa. Hapa ndipo fahirisi inapopona au inapoharibika, na nasikitika kuona mara nyingi inaachiwa mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo. Kwa shati la kiume nilisimama mbele ya rafu na kuandika: pamba tupu au mchanganyiko, na kwa asilimia ngapi kama lebo inavyosema, mikono mirefu, kola ngumu, vifungo mbele, rangi moja bila mistari, saizi ya mtu mzima ya kati, limefungwa moja moja, chapa iliyo kwenye lebo, jipya, la bei ya kawaida, si la mwisho wa msimu. Kisha nilimpa karatasi mwenzangu ambaye hakuwa pamoja nami, aende dukani peke yake. Akirudi na bei ya shati lile lile, maelezo yamefaulu. Akiniuliza "lile la kushoto au la kulia?", naongeza sifa inayoyatenganisha hayo mawili.

Kuna mpaka wake. Maelezo yakibana kupita kiasi, bidhaa hutoweka baada ya miezi michache na mdadisi hubaki mikono mitupu. Yakilegea, kila mwezi kinaletwa kitu kingine. Nilichokiona kinafaa ni kuwa na maelezo mapana kwa bidhaa nchini kote, halafu kila duka likawa na maelezo yake mafinyu ya kile hasa kinachouzwa pale. Mdadisi akifika mara ya kwanza huchagua kinachonunuliwa sana na kinachotarajiwa kuendelea kuwepo, huandika sifa zake zote, na kuanzia hapo hakiachi.

Huduma zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu hazina lebo. "Kutengeneza saa" niliibadilisha ikawa kubadilisha betri ya saa ya mkononi, betri ikiwa ndani ya bei, kazi ikifanywa pale pale mteja akisubiri. "Nauli" ikawa tiketi ya mtu mzima, safari moja, kutoka kituo fulani hadi kituo fulani, daraja la kawaida, siku ya kazi, saa fulani. Kwa kodi ya nyumba tunafuatilia nyumba ile ile, tukiandika idadi ya vyumba na kama maji na umeme vimo ndani ya kodi. Mwenye nyumba akiutoa umeme kwenye kodi na kiasi kikabaki kile kile, mpangaji amepandishiwa kodi hata kama namba haikusogea.

Uwanjani nilijifunza kutoridhika na jibu la kwanza. Mama mmoja mwenye duka alinipokea kwa ukarimu na kusema, "Mwanangu, bei ya hiyo haijabadilika." Nikamwambia, "Ahsante sana mama, naomba tu niisome pakiti." Pakiti ya sabuni ya unga, ambayo kwenye kumbukumbu zetu ilikuwa gramu 500, sasa iliandikwa gramu 450. Mama alisema kweli, bei ilikuwa ile ile. Lakini 500 gawanya kwa 450 ni 1.11, yaani mnunuzi analipa karibu asilimia 11 zaidi kwa kila gramu. Tangu hapo kila mstari wa bidhaa iliyofungashwa una safu ya uzito au ujazo, na hujazwa kila mwezi hata pale mdadisi anapoamini haujabadilika.

Bei yenyewe ni ile anayolipa mnunuzi wa kawaida, kodi ikiwa ndani yake. Punguzo lililo wazi kwa kila anayeingia tunalichukua. La rafiki wa muuzaji hatulichukui. Mahali pa kupatana, bei ya kutajiwa haitoshi. Mdadisi hupatana kama mnunuzi, au huwauliza waliotoka kununua wamelipa ngapi.

Siku bidhaa haipo, kishawishi ni kurudia bei ya mwezi uliopita. Tuliliacha jambo hilo, na mwongozo wa kimataifa wa fahirisi hii, uliohuishwa mwaka 2020, nao unalikataza, isipokuwa kwa bei zinazojulikana kwamba kweli hazijabadilika, kama nauli zilizopangwa. Kurudia bei kunayavuta mabadiliko ya fahirisi kuelekea sifuri na kuficha kilichotokea. Tunakadiria: bidhaa isiyopatikana inapewa mwendo wa zile zinazofanana nayo zilizopatikana mwezi huo. Ikithibitika imeondoka moja kwa moja, tunatafuta mbadala.

Mbadala ukiwa na sifa sawa, bei mbili hulinganishwa moja kwa moja. Ukiwa na ubora tofauti, na zote mbili zikawa sokoni kwa mwezi mmoja, tunaziunganisha hapo. Tuseme ya zamani iliuzwa 200 na mpya 260 mwezi huo huo, kisha mwezi uliofuata mpya ikawa 273. Mpya imepanda kwa asilimia 5, kwa hiyo mfululizo unaendelea kutoka 200 hadi 210. Ile tofauti ya 60 imechukuliwa kuwa thamani ya ubora. Napenda njia hii kwa wepesi wake, ila siitumii kabla ya kumuuliza muuzaji kwa nini ya zamani inaondoka. Kama ameishusha ili amalize mzigo, tofauti ile si ya ubora peke yake, na kuikubali ni kufuta ongezeko la bei ambalo watu wamelilipa.

Linabaki swali la wastani, ambalo wadadisi wangu walitaka kulielewa, nami niliona wana haki hiyo. Tuseme maduka mawili yote yanauza kwa 100. Moja linapanda hadi 200, jingine linashuka hadi 50. Wastani wa kawaida wa uwiano wa bei mpya kwa ya zamani, ambao mchumi wa Kiitaliano Carli aliutumia mwaka 1764, ni 2 jumlisha 0.5, gawanya kwa mbili: 1.25. Mwezi unaofuata bei zote zinarudi 100, uwiano unakuwa 0.5 na 2, na wastani ni 1.25 tena. Ukizidisha miezi hiyo miwili unapata 1.5625, zaidi ya asilimia 56 ya mfumuko, wakati kila bei iko pale ilipoanzia. Wastani wa kijiometri, unaofungamana na jina la mchumi wa Kiingereza Jevons, unazidisha 2 kwa 0.5 na kuchukua kipeuo cha pili: moja kamili kila mwezi. Nilipolionyesha hili kwenye karatasi, hakuna aliyeuliza tena kwa nini hatujumlishi tu na kugawanya.

Kazi inayonishughulisha sasa ni vifurushi vya simu na intaneti. Toleo la 2018 limerahisisha upande wa uainishaji, kwa kuwa kompyuta, ambazo zamani zilikuwa kundi la burudani, zimehamia la 8 pamoja na simu na huduma za mawasiliano. Maelezo ndiyo yanayosumbua: kifurushi hubadilishwa jina, dakika huongezwa, muda wa matumizi hupunguzwa, na bei hubaki ile ile. Kwa sasa tunaandika kwa kila kifurushi kiasi cha data, dakika, ujumbe, siku za kutumika, saa zinazoruhusiwa na kasi pale inapotajwa, kisha tunapima kifurushi kipi kinamtosheleza mtumiaji wa kiwango fulani kwa gharama ndogo zaidi. Viwango vya watumiaji hao tumevigawa vitatu, na vya mtumiaji wa chini ndivyo tunavyovipitia mara nyingi zaidi, maana ndiye anayenunua vifurushi vya siku moja, na hivyo ndivyo vinavyobadilishwa kila mara.