Sentimita 40, Lakini Wapi?

Mtu akituma kwenye grupu la ukoo picha ya simu yenye "sentimita 40 za theluji kesho", siku hiyo simu yangu haipumui. Mdogo wangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Chamonix, mji wa milimani Ufaransa ambako watalii huenda kuteleza kwenye theluji msimu wa baridi. Mama yupo Mpwapwa, mama mdogo yupo Kongwa, na wote wawili wanaamini hizo sentimita 40 zitamfukia mtoto akiwa amelala. Naulizwa mimi, kwa sababu tu nalima zabibu huku Hombolo na silali bila kuangalia utabiri. Zabibu zikikaribia kuvunwa, mvua moja tu ya kushtukiza inaleta ugonjwa wa ukungu unaomaliza shada zima. Basi naandika hapa mara moja, nisirudie kwa kila anayepiga.

Mji wa Chamonix uko mita 1,035 kutoka usawa wa bahari. Dodoma mjini tuko kama 1,120. Ndiyo, sisi ndio tuko juu. Mama alikataa kabisa, akasema ramani zimekosewa. Tofauti ni kwamba wao wako mbali na ikweta. Huku kwetu, ili ukutane na nyuzi sifuri angani, unapanda karibu mita 5,000, na ndiyo maana theluji tunaiona kule juu Kilimanjaro tu. Kwao, mwezi wa Januari, sifuri inaweza kushuka hadi chini ya mji wenyewe, halafu wiki inayofuata ikapanda hadi mita 2,500.

Hicho kimo cha sifuri ndicho cha kutazama kabla ya sentimita. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ukiwa na nyuzi 3, kule kilele cha Brévent ambako lifti ya kupandisha watalii inaishia, mita 2,525, ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Wingu ni lilelile, lakini linamwaga mvua kwenye paa la hoteli na theluji kwa wateja waliopanda asubuhi. Theluji yenyewe hushuka mita 200 au 300 hivi chini ya kimo cha sifuri kabla ya kugeuka mvua. Kwa hiyo "theluji Chamonix" ni maneno ambayo hayajakamilika mpaka mtu aseme mita ngapi.

Na programu ya simu mara nyingi haisemi. Kompyuta za utabiri huigawa dunia katika vipande vya mraba. Modeli, yaani hesabu ya kompyuta hizo, ya dunia nzima ya kituo cha utabiri cha Ulaya ina vipande vya kilomita 9 hivi. AROME, modeli ya Météo-France (idara ya hali ya hewa ya Ufaransa), ambayo inaangalia Ufaransa na jirani zake, ina vya kilomita 1.3. Sasa chukua kilomita 9 pale Chamonix: ndani yake kuna bonde, kuna barabara, na kuna kilele cha Aiguille du Midi chenye mita 3,842. Modeli kubwa inavisawazisha vyote kuwa kilima kimoja cha wastani ambacho hakuna mtu amewahi kukikanyaga, halafu inakupa sentimita za kilima hicho. Mimi natumia ile ndogo kwa siku mbili za karibu, na kubwa kwa kujua tu kama kuna kitu kinakuja. Picha ya utabiri wa siku ya kumi siitumi kwa mtu yeyote.

Halafu kuna uzito. Kwa hesabu ya haraka, milimita 1 ya maji hutoa sentimita 1 ya theluji. Lakini kukiwa na baridi kali theluji huwa nyepesi, milimita moja ikatoa hata sentimita 2. Joto likikaribia sifuri inakuwa nzito na yenye maji, ukapata nusu sentimita. Sentimita 40 zinaweza kuwa milimita 20 za maji, yaani mvua nzuri ya mchana mmoja wa Januari hapa Hombolo, au milimita 80, ambazo zinavunja matawi na kufunga barabara. Hapo ndipo mama alipoanza kunielewa, maana milimita anazijua.

Upepo nao una lake. Unaihamisha theluji kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuipakia upande wa pili, inagandamana kuwa bamba juu ya tabaka dhaifu, na bamba likikatika ndiyo maporomoko. Ulaya wanapima hatari hiyo kwa ngazi 1 hadi 5. Watu wa kwetu wakiona 3 wanasema "si wastani tu?" Hapana. Ngazi ya 3 ndiyo inayoua wengi, kwa sababu 4 na 5 watu hubaki ndani. Mdogo wangu yeye anamenya viazi, hayuko huko mlimani, ila wateja wake wako.

Taarifa za vituo vyenyewe vya kuteleza nazisoma kwa jicho moja. Anayepima theluji ndiye anayeuza tiketi. Wachumi wawili wa Marekani, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walilinganisha taarifa hizo na vipimo vya serikali, wakakuta vituo vinatangaza theluji mpya nyingi zaidi mwishoni mwa juma, kana kwamba mawingu nayo yana ratiba ya kazi. Chumvi hiyo ilipungua pale wateja walipoanza kuandika walichokiona kwa simu wakiwa palepale mlimani. Mimi nafungua kamera za mlimani. Nyingine zimeelekezwa kwenye ubao wenye vipimo, unasoma mwenyewe.

Kitu ambacho grupu halikiulizi ni theluji ya mashine. Mizinga hurusha matone madogo ya maji hewani, na tone likipoteza maji kidogo kwa mvuke, linalobaki linapoa zaidi ya hewa iliyolizunguka. Ni mtungi wa mama uleule: Dodoma unatoa maji baridi kwa sababu hewa yetu ni kavu, upeleke Tanga uone kama una maajabu. Kwa hiyo mizinga inataka ukavu pamoja na baridi. Usiku mkavu wenye nyuzi 4 chini ya sifuri, hata kama utabiri hauna sentimita hata moja, kwa mdogo wangu ni habari njema: mizinga inanguruma hadi alfajiri, lifti zinafunguliwa, hoteli inajaa, na zamu zake hazipunguzwi.