Mfuko wa khaki na mbegu za Kilwa

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, nami nimepakata mfuko wa khaki mtupu. Nafundisha baiolojia. Kila mwaka tukifika kwenye mtawanyiko wa mbegu nachora ubaoni bawa, miba na nyuzi, wanafunzi wananakili, mambo yanaishia hapo. Safari hii nilitaka wazishike wenyewe. Mjomba wangu anaishi ndani kidogo ya barabara ya Kilwa, na nilipompigia simu alinijibu, "Njoo mwezi wa tisa, mwanangu, majani yakishapukutika. Matunda utayaona bila kutafuta."

Tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, mita 970 za daraja, kisha mikorosho hadi Nangurukuru. Kutoka hapo nilipanda bodaboda.

Asubuhi tuliingia porini. Mninga wa kwanza haukuwa na jani hata moja, lakini matunda yalining'inia matawini kama visahani. Niliokota moja. Upana wake ulikuwa kama sentimita 10. Pembeni bawa la rangi ya udongo, jembamba, kavu, lenye mawimbi. Katikati kifuko kigumu kilichojaa miba membamba inayochoma kidole. Nililirusha juu, likazunguka, likatua hatua chache tu kutoka nilipo.

"Mjomba, mbona haliendi?"

"Wewe umelirusha kwa mkono. Lenyewe linangoja upepo wa kusi."

Nilijaribu kukipasua kile kifuko kwa kisu nione mbegu. Nilihangaika hadi kiganja kikauma, na nilichokipata ni mbegu moja ndogo mithili ya harage. Ngome yote ile kwa ajili ya huyo mmoja!

Tunda la mpingo ni kinyume kabisa. Ni ganda bapa, jepesi, unaweza kulipuliza kwa pumzi. Nililiinua kuelekea jua na mbegu ikaonekana ndani kama kivuli nyuma ya pazia. Mti mzito kiasi hicho, ambao gogo lake likitupwa majini linazama, unawapeleka watoto wake kwa kikaratasi.

Kwenye kichaka kimoja mjomba alinivuta bega. "Usipite hapo, upupu huo." Maganda yake yalikuwa yamefunikwa manyoya ya dhahabu, mazuri kuyatazama. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea kila mara: si kila unywele kwenye tunda ni wa kusafiria. Manyoya ya upupu ni ulinzi, humfanya mnyama akimbie. Kishona nguo ndicho kinachotaka kubebwa, na suruali yangu ilikwisha kujaa. Nilikitazama kwa lenzi ya mkononi: kijiti cheusi chenye vimiba viwili au vitatu kichwani, na kila kimiba kina meno madogo yaliyoelekea nyuma, kama chembe ya mshale. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi.

Siku ya pili tulishuka Kilwa Masoko maji yakiwa yamekupwa. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, lakini kusoma si kuona. Zilining'inia kama fimbo za kijani, ndefu kuliko kutoka kiwiko changu hadi vidoleni, nzito upande wa chini, zimechongoka. Moja ilianguka mbele yetu ikasimama wima topeni. Nyingine zilikuwa zimelala ufukweni, zilizoachwa na maji makubwa ya bamvua, na mjomba alinieleza kwamba zikidondokea majini huelea na kwenda na mkondo hadi zipate tope la kushika.

Maji yalipoanza kujaa nilichagua tatu, nikazifunga kwa kitambaa kilicholowa. Ya nne niliigeuza nikakuta vijizizi vyeupe vimeshachomoza kwenye ncha. Hiyo niliirudisha pale pale nilipoikuta, nikaibana kidogo kwa tope.