Wanja wa arobaini

Kile kichupa nilikifunga kwa mkono wangu. Nilikitia ndani ya soksi ya mtoto, soksi nikaiviringisha kwenye kanga, kanga nikampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Marekani. Mfikishie dada, nilimwambia, ni wanja wa mama kwa ajili ya arobaini ya mjukuu.

Kwetu Ngamiani, Tanga, mtoto hatolewi nje mtupu. Siku ya arobaini anaogeshwa, anafukizwa udi, kisha mama anakaa kwenye mkeka na kumlaza mapajani. Mama ndiye mpakaji wa ukoo mzima. Anachovya kijiti, anakifuta kidogo ukingoni mwa kichupa, anakipitisha ndani ya kope huku midomo yake inasoma Falaq na Nas. Halafu nyusi, halafu doa moja la mviringo kwenye paji la uso, la kuzuia husda. Mtoto analia, anafikicha macho kwa ngumi, na ngumi ile ile iliyokwisha kuwa nyeusi inaingia mdomoni. Hiyo ngumi nimeiona kwa watoto wangu watatu na wa majirani sina hesabu. Sikuwahi kuiwazia lolote.

Dada anaishi Minneapolis. Kule watoto walio kwenye bima ya serikali wanatakiwa kupimwa risasi, yale madini yenye sumu, kwenye damu wakifika miezi 12, na tena miezi 24. Siyo kwamba mtoto aumwe kwanza. Binti yake alikuwa anacheka, anasimama dede, anakula vizuri. Majibu yakaja 9. Wanahesabu kwa mikrogramu katika kila desilita ya damu, na tangu 2021 mtoto akifika 3.5 wanaanza kufuatilia nyumbani kwake kuna nini. Nesi akauliza rangi za ukutani, vyombo, midoli, viungo vya chakula. Mwisho akauliza, "Kuna kitu mnampaka machoni?" Dada akaenda kabatini akaleta kile kichupa changu.

Alinipigia usiku wa saa tano. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Alisema tu, "Usimpake mtoto mwingine, na usiuuze tena. Umenisikia?"

Maana mimi nauza vitu vya watoto. Nepi, chuchu, manyanga, mabeseni, poda. Na wanja wa manga ulikuwa kwenye chupa kubwa ya kioo nyuma ya kaunta, napima kwa kijiko cha chai, nafunga kwenye karatasi.

Wanja ule ni jiwe lililosagwa. Kwa jina la kitaalamu linaitwa galena, na kwa asili yake ni risasi iliyoshikana na salfa. Ni risasi hiyo hiyo ya betri za gari, hiyo hiyo wavuvi wetu wa Deep Sea wanayoifanya chubwi za mishipi. Ukichukua gramu 100 za galena safi, zaidi ya gramu 86 ni risasi tupu. Si kila wanja mweusi ni galena, lakini kwa macho huwezi kutofautisha, na mimi niliyekuwa napima kwa kijiko sikuweza.

Sasa nikuoneshe kilichonishtua zaidi. Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa bidhaa mwaka 2008, baada ya midoli mingi kurudishwa madukani mwaka uliotangulia kwa sababu ya rangi yenye risasi. Sheria hiyo inataka rangi ya mdoli isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni. Tisini. Galena katika hesabu hiyo hiyo inapita 860,000. Mdoli mtoto anaulamba akichoka anautupa. Wanja tunaupaka ndani ya jicho, machozi yanaushusha puani hadi kooni, na uliobaki anaumalizia kwa ngumi. Wenzetu hao hawaruhusu kabisa wanja wa namna hii kuuzwa kama kipodozi, hata kwa mtu mzima.

Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaifyonza mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Mwili unaipokea kana kwamba ni kalsiamu: inakwenda kwenye ubongo unaojengeka, nyingine inalala kwenye mifupa kwa miaka mingi. Binti akikua akabeba mimba, ile iliyolala inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Na huoni kitu. Hakuna homa, hakuna upele. Baadaye mwalimu anasema mtoto huyu mzito kushika masomo, nasi tunasema ndivyo alivyoumbwa.

Kumwambia mama ilinichukua wiki mbili.

"Nyinyi wote nimewapaka," alisema. "Nani kati yenu punguani? Na hii ni sunna."

Sikubishana naye. Nilimwendea mwalimu wa madrasa, nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia ithmidi, ule wanja wa sunna, ni jina la jiwe lake maalumu, na si kila unga mweusi unaouzwa kwa jina hilo ndio wenyewe. Akaongeza: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Nilirudi na maneno hayo kwa mama kama yalivyo. Hakujibu. Lakini arobaini iliyofuata alichora doa kwa masizi ya utambi aliyoyakinga chini ya sahani, akaliweka nyuma ya sikio, macho hakuyagusa. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Sheria tunayo. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na wanja ni kipodozi. Manyanga yangu yanakuja kwenye katoni yenye jina la kiwanda na nchi yalikotoka. Wanja unakuja ndani ya begi la mtu aliyetoka umra au Oman, hauna lebo, hauna aliyeutengeneza, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Naiomba TBS iutafute huko uliko, kwa wauza udi na dawa za asili na kwetu sisi wa maduka madogo, ichukue vijiko viwili vitatu ikapime, na majibu yatangazwe redioni na kliniki ya watoto, siku ya kupima uzito, akina mama wakiwa wamekaa kwenye benchi. Nesi wa dada yangu alihitaji swali moja tu. Swali hilo linaweza kuulizwa hapa pia.

Chupa yangu bado ninayo. Kuimwaga shambani siwezi, risasi haiozi. Nimeifunga kwa plasta, ipo juu ya kabati.

Jana aliingia mama kijana, amebeba kichanga cha siku kama thelathini. Shikamoo dada, akasema, nipimie wanja. Nikamkalisha, nikamweleza haya yote, alisikiliza vizuri sana. Akanishukuru, akajifunga kanga yake upya, akavuka barabara akaingia duka la pili.